TAHADHARI: Umebadilisha mazabodi, fundi anakwambia "window imekufa"? Usitoe hela kwanza

Ndugu zangu, naandika haya hasira zikiwa zimeshapoa, maana ningeandika wiki mbili zilizopita mngesoma matusi matupu. Nimepigwa shilingi 150,000 Kariakoo kwa sababu sikujua kusoma maandishi ya kwenye kioo cha kompyuta yangu mwenyewe. Jina la duka silitaji. Nimeulizauliza na nimegundua mchezo huu hauchezwi na duka moja, kwa hiyo ukilijua hilo moja ukalikwepa, utapigwa la jirani.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Laptopu yangu, HP ProBook niliyoinunua mpya mwaka 2022, ndiyo inayobeba kila kitu: barua za wateja, mitihani ya shule za jirani, na mahesabu ya VICOBA yetu ambayo mimi ndiye mweka hazina. Siku moja umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ikazima na haikuwaka tena. Fundi akaifungua mbele yangu, akapimapima, akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani (motherboard), imeungua. Hapo hakunidanganya, na 320,000 pamoja na ufundi kwa mazabodi ya mtumba sikuiona bei mbaya.

Siku ya tatu akanipigia. "Mama, mazabodi imekubali, ila window imekufa."

Nikaenda. Kweli nikakuta kioo cha buluu, maneno meupe ya Kiingereza, na kisanduku kinachosubiri kujazwa namba. Akanieleza kwa upole kabisa, hadi akaniletea kiti, kwamba mazabodi mpya imekataana na window ya zamani, virusi vimepata upenyo, sasa diski imejifunga. Kuokoa data 90,000. Kupiga Windows orijino, ya maisha, 60,000. Nikapiga picha kile kioo nimtumie mtoto wa dada yangu anayesomea mambo hayo Dodoma, lakini bando lilikuwa limeisha, picha ikabaki inazunguka tu. Nikalipa.

Picha ilifika jioni nilipopata Wi-Fi ya jirani. Kijana akanipigia, hata shikamoo alisahau. "Mamdogo, mwambie asiiguse hiyo diski!"

Alikuwa ameshaifomati.

Kile kioo hakikuwa na virusi wala window haikufa. Ilikuwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, inaomba ufunguo wake. Kompyuta nyingi za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, hujifunga diski zenyewe kimyakimya bila wewe kujua. Kufuli hilo linategemea chipu ya usalama inayoitwa TPM, na kwenye laptopu chipu hiyo huondoka pamoja na mazabodi. Ukiweka mazabodi nyingine, diski inaona uso mgeni mlangoni na inauliza: wewe ni nani? Jibu ni namba 48, zimegawanywa mafungu manane ya tarakimu sita sita. Kwa sisi tuliofunguliwa akaunti siku ya kununua, namba hizo zinakuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Unaingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu yako, unaziona, unazijaza, kompyuta inafunguka na kila faili lipo mahali pake. Mimi niliingia usiku ule nikazikuta. Zilikuwa pale zimetulia, tangu 2022, na diski yake imeshafutwa.

Sasa hesabu na mimi. Bila namba hizo hakuna fundi anayeweza kuokoa data ya diski iliyofungwa hivyo, na hata Microsoft wenyewe hawawezi kukupa kama hazikuhifadhiwa. Kwa hiyo ile 90,000 ilikuwa ya kazi ambayo aliyeipokea hakuwa na njia ya kuifanya. Baada ya kufomati akaniambia "data zimeshindikana mama, diski ilishaoza." Mahesabu ya kikundi nimeyaokota kwenye WhatsApp, mwezi mmoja mmoja, kwa sababu nilikuwa nikiwatumia wanakamati. Mitihani ya walimu imekwenda.

Si kila kioo cha buluu ni BitLocker, hilo niseme. Jirani yangu mwenye kompyuta ya mezani alibadilisha mazabodi ikawa inawaka, inaandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE, inazima, inawaka tena. Naye aliambiwa window imekufa. Mpwa wangu aliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe kabla Windows haijapanda, akakuta mazabodi mpya imewekwa kusoma diski kwa mtindo wa RAID wakati Windows ilizoea AHCI. Akabadilisha, ikapanda. Dakika tano. Pengine kompyuta inasema haioni diski ya kuanzia kabisa, kumbe Windows ilipigwa kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, na mazabodi imewekwa Legacy, mtindo wa zamani, au kinyume chake. Na ikiwa kweli faili za kuwashia zimeharibika, kuna sehemu ya kutengeneza kwenye flashi ya Windows yenyewe, na kuna amri ya bcdboot inayoziandika upya bila kugusa mafaili yako. Windows 10 na 11 kwa kawaida huvumilia mazabodi mpya vizuri tu. Inachelewa kidogo mara ya kwanza ikitafuta draiva, basi. Kufomati iwe ya mwisho, tena kwa ruhusa yako.

Twende kwenye ile "orijino ya maisha". Mpwa wangu alipokuja likizo alifungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha uhalali wa Windows. Ikaandika kwamba imewezeshwa kwa huduma ya shirika langu. Shirika langu! Steshenari ya mita tatu kwa nne. Akaandika slmgr /dlv kwenye kisanduku cheusi, ikatoka VOLUME_KMSCLIENT, toleo la Enterprise la makampuni makubwa, wakati laptopu ilikuja na toleo la Pro. KMS ni njia halali ya makampuni makubwa: kompyuta zao zinaulizia uhalali kwenye seva ya kampuni na kupewa siku 180, kisha zinaulizia tena. Mafundi wanaweka kiprogramu kinachojifanya ndiyo hiyo seva. Ili kisikamatwe, Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, ilikuwa imeamriwa isikague folda nzima kilimokaa. Yaani nimelipa 60,000 niwekewe mlinzi aliyefumbwa macho, kwenye mashine ambayo wateja wangu wanaingizia nywila zao kuomba mikopo ya chuo.

Na uchungu zaidi: hiyo leseni pengine sikuihitaji. Laptopu za kampuni kubwa zilizotoka na Windows 8 kuendelea hubeba ufunguo ndani ya mazabodi. Mazabodi ya mtumba iliyotolewa kwenye mashine ya Pro mara nyingi inakuja na wake. Ukipiga Pro, inajisoma. Na aliyekuwa na leseni ya kidijitali iliyounganishwa na akaunti yake ya Microsoft anaweza kujaribu kuihamisha kwa kubofya sehemu ya kutatua matatizo ya uhalali, akichagua kwamba amebadilisha vipuri vya kompyuta hiyo karibuni. Ikikataa, ndipo uongelee kununua.

Kwa nini basi fundi hakupiga Pro tu? Jibu tulilipata tulipojaribu sisi. Tulipiga Windows 11 Pro safi, tukaunganisha intaneti, ikatokea skrini ya kumkaribisha mfanyakazi wa kampuni moja ya Ulaya, na nembo yao, inaomba barua pepe ya kazini. Mpwa akacheka, mimi nikataka kulia. Kampuni nyingi husajili laptopu zao Microsoft kupitia huduma iitwayo Autopilot, na usajili huo unafuata utambulisho wa mazabodi, haufuati diski. Mashine ikiuzwa mtumba bila kufutwa kwenye orodha, mazabodi inabaki mali ya orodha ile, na anayeweza kuiondoa ni kampuni yenyewe. Fundi alilijua hilo, au alilikuta akalikwepa kwa kupiga toleo lake bila intaneti. Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi wa mtu.

Kwa hiyo ukipeleka laptopu kubadilishwa mazabodi, kwanza tafuta zile namba 48 ukiwa nyumbani, uziandike kwenye daftari. Pili, SSD, yaani diski yenyewe, itolewe, uondoke nayo. Ni kipande kidogo kama kijiti cha bazoka, kina skrubu moja, na mazabodi hupimwa vizuri tu bila hiyo. Siku ya kuchukua unakuja nayo, inawekwa ukiwa umekaa pale. Iwashwe, bonyeza F10 kama ni HP uone BIOS inafunguka bila kuomba nywila, ikiomba, rudisha. Kama itabidi kupiga Windows, ipigwe kwenye diski nyingine kwanza, kwa intaneti ya simu yako, ili kama kuna kampuni ya watu ndani ijitokeze ukiwa bado na pesa mkononi. Ukiambiwa chochote kimekufa, piga picha kioo, na hakikisha una bando. Na dai risiti ya EFD. Mimi nilipewa karatasi ya daftari yenye muhuri, nikarudi nayo wakaniuliza hiyo ya wapi.

Ndiyo, nilirudi, safari hii na mpwa wangu na ile skrini ya wazungu ikiwa imewaka. Mwenye duka alianza na "window haina waranti", lakini wateja wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza, akaamua kuyamaliza. Tulibadilishiwa mazabodi. Mpwa akapiga Pro pale pale kwenye meza yao, kwa intaneti ya simu yangu, akafungua mipangilio. Imewezeshwa kwa leseni ya kidijitali. Hakuna aliyelipa hata mia.

Fundi wangu alikuwa amesimama pembeni anatazama. Nikamuuliza, ile 60,000 ilikuwa ya nini?

"Ya usumbufu, mama."