Kikaushio cha trei 20: mwaka wangu wa kwanza na maembe, mchicha, tangawizi na muhogo

Nilikinunua Novemba mwaka jana, maembe yalipoanza kushuka bei hapa Morogoro. Nililipa shilingi milioni 5 na laki 2, pamoja na usafiri kutoka Dar es Salaam. Ni kabati la chuma lenye trei 20 za wavu, hita za umeme za kilowati 6, feni moja mgongoni, kitufe cha kuzungusha cha kupangia joto, na tundu juu la kutolea mvuke. Jina la karakana naliacha, maana kasoro nitakazozitaja nimeziona pia kwenye vikaushio vya wenzangu vilivyotoka kwingine.

Siku ya kukabidhiwa, fundi aliniambia: "Mama, hii inakausha chochote. Weka sabini, masaa nane, toa." Nikaamini. Maneno hayo yalinila mtaji kuliko bei ya mashine yenyewe.

Nilianza na maembe dodo, kilo 40 za nyama iliyokwisha kumenywa. Nikakata vipande vya unene wa milimita 8 hivi, nikachovya kwenye maji ya limao, nikapanga kilo 2 kila trei, nikaweka joto la nyuzi sabini. Masaa nane yakaisha. Vipande vilikuwa vimekauka juu, vinang'aa, rangi ya dhahabu. Nikapima: kilo 9 na nusu. Nikafurahi kwamba nimepata nyingi. Siku ya kumi na mbili mwenye duka mmoja akanipigia simu, pakiti zimevimba. Nilipofungua moja, harufu ya kitu kilichochacha ikanipiga usoni. Nikachukua kipande nikakikata kwa wembe. Nje palikuwa pagumu kama ngozi ya kiatu, katikati pana mstari wa njano ulio laini, na nilipoubinya ukalowesha kidole.

Mzani ulikuwa umeniambia mapema, ila sikujua kuusoma. Embe bichi lina maji kama asilimia 83. Kwa hiyo kwenye kilo 40, kitu kikavu chenyewe hakifiki hata kilo 7. Ukitaka libaki na maji asilimia 15, lazima upate kama kilo 8. Ile kilo moja na nusu iliyozidi ilikuwa maji, nami nilikuwa nimeyafungia ndani ya pakiti na kuyabandika lebo.

Kilichotokea ni hiki. Maji ya juu ya kipande huondoka haraka, na yakiisha, yale ya ndani inabidi yasafiri taratibu hadi yafike nje. Embe lina sukari nyingi. Ukilipiga joto kali na upepo mkavu tangu mwanzo, ngozi ya juu hujifunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Sasa nakata milimita 6, naweka 60, nageuza vipande saa ya tano, na nayapa maembe muda wake: masaa 12, mara nyingine 13. Yakitoka siyafungashi siku hiyo. Nayatia kwenye chupa kubwa za kioo, nafunika, nalala. Asubuhi nikiona ukungu wa maji ndani ya kioo, yanarudi kwenye trei. Tangu nianze hivyo sijarudishiwa pakiti hata moja.

Mchicha ni habari nyingine kabisa. Una maji kama asilimia 90, lakini jani ni jembamba, maji hayana safari ndefu. Kwa 50, masaa manne au matano yanatosha. Kwa 70 unageuka rangi ya majani ya chai, na hakuna mteja atakayeugusa. Nauchovya kwanza dakika 2 kwenye maji yanayochemka, naukamua, naupanga bila kulundika. Vikonyo nimeacha kuvichanganya na majani, kwa sababu jani linasagika mkononi wakati kikonyo bado kinapinda kama uzi. Halafu kuna upepo: jani likikauka linakuwa jepesi, linaruka, linaingia kwenye feni. Nimeshona vipande vya wavu vya kufunika trei za karibu na feni. Kilo 20 za mchicha zinanipa kilo 2 na kidogo, na wanaopanga bei lazima walijue hilo kabla ya kununua shamba zima.

Tangawizi naipata kutoka Same. Ganda lake halipitishi maji kirahisi, hivyo ikiwekwa nzima itakaa humo siku nzima na ndani itabaki mbichi. Kata milimita 3 au 4, weka 55, masaa manane. Hapo ndipo yale masaa ya fundi yalipofaa. Ukizidisha joto, ile harufu yote inayojaa nyumba ndiyo bidhaa yako inayoondoka kwa tundu la juu. Na usiikaushe pamoja na embe. Mimi nilifanya hivyo mara moja, wiki nzima maembe yangu yakanuka tangawizi.

Muhogo naukausha kwa ajili ya unga, muhogo mtamu tu. Ule mchungu unahitaji muda wa kulowekwa na kuchachuka ili sumu yake itoke, na mashine inaukausha haraka mno. Nakwaruza, nakamua kwa nguvu, naanza na 55. Ukiwa bado umelowa ukapigwa 70, wanga unaiva na kuwa madonge magumu yasiyosagika. Ukishaachana wenyewe kwa mkono, napandisha hadi 65. Unga usizidi maji asilimia 12.

Sasa mashine yenyewe. Mabati ni mazito, hita hazijaungua hata moja, feni haipigi kelele. Lakini upepo haugawanyiki sawa: trei tano za juu zinamaliza masaa mawili kabla ya zile za chini, kwa hiyo kila baada ya masaa matatu nazihamisha, hata usiku. Kitufe cha joto kinadanganya. Nilipotumbukiza kipimajoto changu, kitufe kilisema 60 na ndani kulikuwa na 68. Nimeweka alama mpya kwa kalamu ya wino usiofutika. Na tundu la mvuke lilikuwa dogo. Kwenye mchicha matone yalikuwa yanadondoka kutoka dari la kabati na kuulowesha upya. Niliwapigia, wakaja kulipanua bila kunidai, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Trei za aluminiamu nimebadilisha kwa chuma kisichoshika kutu kwa gharama yangu, maana zilianza kutia madoa kwenye embe lenye limao.

Umeme: mzigo mmoja wa maembe unakula uniti 45 hivi. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama elfu 16, yaani elfu 2 kwa kila kilo kavu. Mchicha hauzidi uniti 18. LUKU ikiisha usiku maembe yako nusu njia, yanachacha kabla jua halijatoka, kwa hiyo nanunua kabla ya kuwasha.

Ningekinunua tena, ila safari hii ningekwenda karakana na kilo zangu 10 za embe, mzani na kipimajoto, nikae pale hadi zikauke kwenye trei ya juu na ya chini ndipo nitoe pesa.