Tairi ziliingia kwenye rimu, trekta ikagoma

Sijawahi kuandika maoni kuhusu duka lolote, lakini hili la tairi limenikaa kooni tangu msimu uliopita.

Nina trekta ndogo, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Tairi za mbele zilikuwa zimeisha meno, zimebaki upara. Nikaenda dukani na kijana wangu anayeiendesha, nikauliza swali moja tu: mzunguko wa hizi mpya unaendana na wa zile za nyuma? Muuzaji hata hakunitazama. Alimgeukia kijana, akacheka, akasema, "Mwambie mama tairi ni tairi. Ikiingia kwenye rimu, imeingia." Trekta ni yangu, pesa ninayo mkononi, swali nimeuliza mimi! Kijana akainamisha macho. Nikalipa, na mpaka leo najuta kwa nini nililipa.

Kweli ziliingia. Rimu ya inchi 12, tairi ya inchi 12. Zilikuwa nene zaidi, zimenyanyuka zaidi, na shambani kwenye tope zilikamata ajabu. Nikaanza kujiambia labda nilimwonea yule muuzaji.

Kisha ikaja siku ya kurudi kwa barabara ngumu. Kijana alisahau kutoa gia ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Usukani ukawa mzito, tairi zikawa zinalia, trekta inajivuta kama imefungwa kamba. Alipotaka kuitoa gia, wenzo haukusogea. Nikaushika mimi kwa mikono miwili, ungedhani umechomelewa. Nilipoinama nikaona unga mweusi wa mpira barabarani, na meno ya tairi mpya kabisa yameliwa upande mmoja, kingo zimechanikachanika.

Fundi alipofika hakugusa spana. Alimwambia kijana arudi nyuma polepole mita chache, wenzo ukatoka wenyewe. Akatuonya tusithubutu kunyanyua gurudumu kwa jeki likiwa limekaza vile, maana linaweza kuzunguka ghafla na kumuumiza mtu. Halafu akauliza, "Mama, nani alikuuzia hizi bila kupima?"

Tukapima wenyewe kwa chaki na futi kamba, upepo ukiwa sawa na gia ya mbele imetolewa. Alama kwenye tairi, alama chini, trekta itembee mpaka gurudumu lizunguke mara 10. Za nyuma zilikwenda mita 30, yaani mita 3 kwa mzunguko mmoja. Za mbele mita 2.20. Za awali, kwa jedwali la mtengenezaji, zilikuwa mita 2.06. Kitabu cha trekta kinasema la nyuma likizunguka mara moja, la mbele linazunguka mara 1.5. Piga hesabu: zile za awali zilitangulia za nyuma kwa asilimia 3, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kawaida kati ya 1 na 5. Hizi zilitangulia asilimia 10! Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikapotea. Kwenye barabara ngumu haina pa kwenda, inakaza shafti na gia za ekseli ya mbele mpaka kitu kivunjike. Sentimita 14 tu, na ndilo swali nililouliza.

Nilikusudia kuwapa nyota moja, na hata hiyo kwa shingo upande. Lakini niliporudi dukani nikakutana na binti wa stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi yangu ya hesabu, akapanda ngazi na kunitafutia jozi inayolingana. Tena akakagua matundu ya boliti, na kama meno yameelekea upande wa mwendo. Zile nilizoharibu wakazipokea, nikaongeza kiasi kidogo. Hizi za sasa ni nzuri mno. Wenzo unatoka kwa kidole. Kwa ajili ya binti yule ningewapa nyota zote.

Ila nikiwa mlangoni, yule yule muuzaji akamwambia kijana, "Mwambie mama azitunze."

Nikamtuma kijana akawashe trekta. Nikarudi mpaka kaunta, nikasimama mbele ya muuzaji, nikamwambia, "Sasa niambie mimi." Hakuwa na neno.