“FLAC” ya kibandani: nimepigwa, na juu yake nikaambiwa nimezeeka

Naanza na lililonikera. Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo, huku upande wa Sabasaba hapa Dodoma, aliniambia mbele ya wateja wake: “Mzee wangu, ukishapita hamsini zile sauti za juu husikii tena. Sasa unalalamikia nini?” Watu wakacheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akaegemea spika.

Kisa chenyewe ni hiki. Kabla mvua hazijakata nilimpelekea flashi ya GB 32 anijazie ngoma za Kigogo na dansi la zamani. Ana bei mbili: nyimbo za kawaida, na zile anazoziita “FLAC, sauti ya studio”, ambazo bei yake imechangamka kweli kweli. Nikalipa ya studio bila kuomba hata kupunguziwa.

Nyumbani nikaanza na ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Anayeijua ilimba anaujua ule mvumo wake wa juu, unaotoka kwenye vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Mvumo ule ndio unaoipa ilimba uhai. Ukiuondoa unabaki na vyuma vinavyogongwa. Sasa kwenye flashi yangu mvumo ulikuwa unachuruzika, unakuja, unazama, unakuja tena. Kila chuma kilipoguswa, kabla ya mlio wenyewe kulitangulia kivuli chake, “fss”, halafu ndio mlio. Njuga ndiyo usiseme, zote zimekuwa uji.

FLAC haifanyi hivyo. FLAC inabana faili bila kutupa chochote, ukiifungua unapata kila kilichoingia. Inayotupa ni MP3, tena hutupa kile inachodhani sikio halitakigundua, na ikibanwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde inatupa bila huruma. CD yenyewe ni 1,411, piga hesabu mwenyewe. Nikafungua nyimbo zangu kwenye Spek, programu ya bure inayokuchorea sauti kwa rangi, nzito chini, nyembamba juu. Wimbo baada ya wimbo, rangi zinapanda vizuri, zikifika kilohezi 16 hivi (kilohezi ndiyo kipimo cha wembamba wa sauti), kwisha. Mstari umenyooka, juu yake giza tupu. Maana yake mtu kachukua MP3 hafifu akaigeuza FLAC, yaani kamimina chai ya jana kwenye chupa ya mvinyo wa Dodoma. Kilichotupwa hakirudi hata uibadilishe jina mara mia. Unachopata ni unene tu: wimbo wa dakika 4 ambao ungekaa kwenye MB 4 unakula mara tano au sita ya hapo, na flashi inajaa kabla hujafika kwenye dansi.

Najua kuna atakayesema rekodi za zamani zilikuwa za tepu, na tepu haifiki juu sana. Sawa. Ila tepu hufifia taratibu, haikatwi kwa rula.

Basi nikarudi na laptopu. Kijana hata hakuitazama michoro. Akaelekeza kidole kwenye jina la faili: “Si umeona hapo imeandikwa FLAC?” Nikamwambia asikilize ilimba. Akaiweka kwenye sabufa yake, akafungua besi mpaka mwisho, mabati yakatetemeka, kisha ndipo akanirushia lile neno la umri.

Na kinachoniuma ni kwamba hakukosea kabisa. Kilohezi 16 mimi siisikii, nimeshajipima, na wazee wenzangu wengi hamuisikii pia. Lakini mimi silalamikii kilichokatwa huko juu. Nalalamikia uchafu uliobaki huku chini, ambao hata babu yangu angeusikia. Halafu wala sina kinyongo na MP3. Ile ya kilobiti 320 iliyotoka kwenye CD safi siwezi kuitofautisha na CD yenyewe, na kila anayeniambia anaweza huwa namwekea zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Angeniuzia 320 akaiita 320, ningempa pesa ileile na asante juu. (Kama msanii anapata chochote kwenye hizi biashara za flashi, hiyo kesi nyingine.)

Nyota moja kwa kibanda hiki, nilishaamua. Sasa juzi natafuta cha kufuta nipate nafasi, nikakuta folda haina hata jina la maana, tarakimu tu. Ndani kuna akina mama wanapiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo. Nikaketi. Unasikia kiganja kinavyotua kwenye ngozi, unasikia mmoja anavuta pumzi kabla ya kupokea wimbo, kwa mbali jogoo. Nikakimbilia Spek: rangi mpaka juu kabisa. Nikampigia simu kijana, akajibu kivivu, “Aah, hizo nilirekodi mwenyewe kijijini kwa bibi, mzee, zilijiingiza tu kwa bahati mbaya. Zifute.”

Nizifute! Kitu pekee cha kweli kwenye flashi nzima, na yeye hakukitoza hata shilingi.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu ya sabufa ile na yule mama. Nitarudi kwake kuuliza kama anazo nyingine za bibi, na safari hii nakwenda na hedifoni zangu, pesa ikae mfukoni mpaka nimesikiliza. Akinitajia umri tena, iwe moja.