Programu ya CAM ya lathe na milingi: ipi inunuliwe kwanza

CAM ni programu ya kompyuta inayopanga njia ya kisu na kuiandikia mashine amri, iwe lathe (mashine ya kukereza) au milingi (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka). Kabla ya kutazama programu yoyote, andika kontrola, yaani kompyuta inayoiongoza mashine yako, ni ipi na ya toleo gani, mashine ina mihimili (mielekeo ya mwendo) mingapi, na kama inabadilisha visu yenyewe au kwa mkono. Kisha muulize muuzaji: posti ya kontrola hii ipo? Posti ndiyo inayogeuza njia ya kisu uliyochora kwenye skrini kuwa kodi za G, yaani amri zinazoeleweka na mashine. Menyu zipendeze vipi, posti ikiwa mbovu umenunua picha tu.

Ubovu wenyewe huwa mdogo kwa macho. Kontrola nyingi za zamani za Fanuc zikiona X50 bila nukta husoma milimita 0.05, zinataka X50. yenye nukta yake. Kwenye lathe, posti ikitoa X kwa nusu kipenyo ilhali mashine inasubiri kipenyo, shafti ya mm 40 itatoka mm 20. Nyuzi nazo: G76, amri ya kukata nyuzi, kuna Fanuc zinazoitaka kwa mstari mmoja, na nyingine kwa miwili.

Basi omba kodi ya majaribio. Mpe muuzaji mchoro wa shafti ya mm 40 yenye nyuzi za M20×2.5 na mfereji mmoja, halafu soma alichotoa mstari kwa mstari. Kwa lathe ya Fanuc, tafuta hasa G50 S kabla ya G96. G96 hushikilia kasi ya kukata: kwa mita 180 kwa dakika, kipenyo cha mm 40 kinataka mizunguko kama 1,430, lakini kisu kikifika mm 5 kinataka zaidi ya 11,000. Bila G50 ya kuweka kikomo, spindo (mhimili unaozungusha kazi) itapanda mpaka mwisho wa uwezo wake, na taya zinazoishika kazi zinaweza kuiachia.

1. Fusion ya Autodesk. Kwa karakana yenye lathe ya kawaida na milingi ya mihimili mitatu, anza hapa. Kuchora na CAM viko pamoja, hivyo ukibadilisha kipimo unaihesabu upya njia ya kisu bila kuchora tena. Posti zake ni faili za maandishi. Anayejua JavaScript kidogo anarekebisha mwenyewe. Leseni ya bure ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na imebanwa: mwendo wa haraka wa G0 hutoka kwa mwendo wa kukata, na kila kisu hutolewa kwenye faili lake. Kwa kujifunza inatosha. Kwa kazi za mteja, lipia.

2. Mastercam. Hupanda hadi namba moja kama una mihimili mitano, au lathe yenye visu vinavyozunguka na spindo ya pili. Moduli za milingi na lathe hununuliwa kando, kwa hiyo usilipie usiyoitumia. Unachonunua hapa ni pamoja na muuzaji: posti atairekebisha nani, na kwa malipo gani? Majibu yawe kwenye mkataba.

3. FreeCAD. Ni bure hata kwa biashara. Tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024, sehemu iliyoitwa Path inaitwa CAM. Mifuko, matundu na kukata kontua kwenye milingi inafanya vizuri, na posti za kontrola za LinuxCNC na GRBL zimo. Kwa kukereza usiitegemee.

Kama lathe yako inatoa bushi, shafti na nyuzi tu, na kontrola yake inakuuliza vipimo kwenye skrini na kuandika programu yenyewe, huna haja ya moduli ya lathe. Tumia FreeCAD kwenye milingi, pesa iende kwenye visu.

Leseni ya kila mwaka ina swali lake: ikiisha, faili za zamani zinafunguka? Na kipindi cha majaribio kitumie mashineni: inua sifuri ya Z mm 50 juu ya kazi, endesha programu hewani, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha.