Mashine ya kusomea taa za dashibodi: ipi ununue kabla hujabadilisha sensa nzima

Malalamiko ni yale yale. Taa ya injini imewaka, mashine imesema P0171, sensa ya oksijeni imenunuliwa mpya, na baada ya siku mbili taa imerudi palepale. Pesa imekwenda, na sensa ya zamani iliyokuwa nzima imeshatupwa. Msimbo hautaji kipuri kilichokufa. Unataja saketi au mfumo ambao kompyuta ya gari haikuridhika nao. P0171 inasema injini, upande wa benki 1 (ule wenye silinda namba 1), inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari hiyo, na kumfukuza mleta habari hakuzibi mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya manifoldi.

Kwa hiyo hapa sitapima ukubwa wa kioo, urefu wa waya wala idadi ya lugha. Kila kifaa kinasoma misimbo na kuifuta. Kinachotenganisha kifaa cha kutafutia tatizo na kifaa cha kuzimia taa ni data za papo kwa papo, na ndani ya data hizo kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji kabisa: kasi.

Sensa ya oksijeni ya kawaida, ile iliyo mbele ya katalisti (kisafisha moshi kwenye bomba la kutolea moshi), hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Injini ikishapata moto na ukashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, sensa nzima huvuka volti 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Sasa piga hesabu. Adapta, yaani kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya gari na kupeleka data kwenye simu, inayoleta visomo 5 kwa sekunde, ukiipa thamani 10 za kufuatilia, inasoma kila thamani mara 1 tu katika sekunde 2. Katikati hapo sensa imeshapanda na kushuka, nawe hujaona kitu. Grafu inakuja na mstari uliolala au ngazi zisizoeleweka, na uamuzi unakuwa kwamba sensa imechoka. Haijachoka. Kilichochelewa ni kifaa.

Taa ya ABS, yaani ya breki zinazozuia magurudumu kujifunga, nayo ni hivyo hivyo. Njia nzuri ya kumkamata mkosaji ni kuweka kasi za magurudumu yote manne kwenye grafu moja, kwenda kilomita 30 kwa saa, kisha kupunguza mwendo taratibu hadi kusimama, mwenzako akiwa ndiye anayeangalia skrini. Gurudumu linaloangukia 0 wakati matatu mengine bado yanasoma 8 au 10 ndilo lenye sensa chafu, pete ya meno yenye kutu, au mwanya uliopanuka. Kwenye kifaa cha pole pole mianguko hiyo haionekani, na magurudumu yote manne yanaonekana mazima.

Polepole hii ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni gari lenyewe: magari ya zamani yanayotumia itifaki (lugha za mawasiliano) za ISO 9141-2 au KWP2000 yanazungumza kwa kilobiti 10.4 kwa sekunde, na hakuna mashine itakayoyaharakisha. Yanayotumia CAN, mtandao mpya zaidi wa kompyuta za gari, mara nyingi huenda kilobiti 500, na ombi moja linaweza kubeba hadi thamani 6 kwa mpigo. Chanzo cha pili ni chipu iliyo ndani ya adapta. Chipu nyingi za kuiga ELM327, chipu maarufu ya adapta hizi, haziwezi kupokea jibu refu linalokuja vipande vipande, kwa hiyo programu inalazimika kuomba thamani moja moja. Kama tayari una kifaa cha namna hiyo, chagua thamani moja au mbili tu kwa wakati. Hilo peke yake huokoa vipimo vingi.

Kabla ya kununua, hakikisha gari lako linaelewana na OBD-II, yaani kanuni ya pamoja ya soketi na mawasiliano ya kuchunguza gari. Marekani iliilazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, Umoja wa Ulaya mwaka 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli, na CAN ikawa lazima Marekani kuanzia 2008. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni mtego: soketi ya pini 16 ipo, lakini mengi ya zamani hayafuati kanuni hizo kikamilifu, na adapta ya kawaida inaweza kugoma kuunganika. Kwa hayo tafuta kifaa kinachotaja wazi kampuni ya gari lako na soko la Japani.

Namba 1 nazipa adapta za OBDLink, na sifichi upendeleo wangu. Mwenye kumudu achukue MX+, inayofanya kazi na Android, iPhone na kompyuta. Anayetumia Android au Windows pekee, LX inamtosha. Haya ndiyo yanayoiweka juu: chipu zake za STN zinaelewa amri zote za ELM327 na kuongeza za kwake, na zinapokea majibu marefu bila kukwama, kwa hiyo grafu inakwenda na injini. MX+ inafika pia kwenye mtandao wa pili wa magari ya Ford, ulio kwenye pini 3 na 11, bila kubonyeza swichi yoyote, na ukiioanisha na programu ya FORScan unasoma ABS na mikoba ya hewa ya Ford na Mazda. Jambo la tatu watu hawalifikirii hadi betri ikafa: pini ya 16 kwenye soketi ina umeme muda wote hata funguo zikiwa mfukoni, na OBDLink hujilaza yenyewe gari likizimwa. Tena haiungani na simu mpya mpaka ubonyeze kitufe chake. Adapta nyingi nyingine zinakubali namba ya siri 1234 kutoka kwa yeyote aliyesimama karibu.

Namba 2 ni Foxwell NT301, ya mkononi, yenye waya, isiyohitaji simu. Inatoa grafu, data zilizogandishwa (hali ya injini msimbo uliporekodiwa) na majaribio ya sensa za oksijeni. Udhaifu wake ni kwamba inaishia kwenye injini. Taa ya ABS au ya mkoba wa hewa ikiwaka, itakaa kimya.

Namba 3 ni Vgate vLinker MC+. Kwa kasi inajitahidi kweli, na kwa asiyefikia OBDLink hapa ndipo pa kusimama.

Tableti kama Autel MaxiCOM MK808S ziko kwenye ngazi nyingine, kwa sababu zinatoa amri pia: washa feni, endesha pampu ya ABS, funga vali. Ukiamrisha feni ikazunguka, umeshajua mota na waya wake ni vizima, na sasa unaitafuta sensa ya joto. Ni uwezo mkubwa, lakini kwa gari moja la nyumbani ni mzigo, na masasisho ya bure yana ukomo. Inaudhi kununua kifaa kwa bei nzito kisha kuombwa ada tena ili kiendelee kujua magari mapya.

Vile vidude vya bei ya chini kabisa vilivyoandikwa ELM327 vinafaa kusoma msimbo na kuufuta. Basi.

Chochote utakachochagua, ongeza multimita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Bila hiyo utakisia. Kwanza pima betri: volti kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.7 ikiwa inaunguruma. Umeme ukishuka, kompyuta hutupa misimbo ya mifumo isiyohusiana kabisa, na kuna watu wamebadilisha sensa tatu kwa sababu ya kichwa cha betri kilicholegea. Mashine ikigoma kuunganika kwenye gari la CAN, chomoa nguzo hasi ya betri, subiri dakika chache, kisha pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi. Inatakiwa iwe karibu 60. Ukipata 120, tawi moja la mtandao limekatika au kizuio kimoja kimepotea.

Ukishakuwa na kifaa chenye kasi, mengi hujionyesha yenyewe. Kwanza piga picha ya data zilizogandishwa, maana zinaeleza mwendo, joto na mzigo wa injini wakati msimbo uliporekodiwa, na ukifuta msimbo zinafutika pamoja nao. Kwa P0171 angalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Yakiwa juu, tuseme +20%, wakati hujakanyaga mafuta, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Yakiwa ya kawaida bila kukanyaga na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu ya mafuta, chujio lililoziba, au sensa ya hewa yenye vumbi. Hii ya mwisho ijaribu kwa dawa yake ya kupuliza kabla ya kununua mpya, na usiiguse waya kwa kidole wala kitambaa.

Sensa ya joto la maji haihitaji hata ufungue boneti. Gari likilala usiku kucha, asubuhi washa swichi bila kuwasha injini: joto la maji na la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana. Kisomo cha nyuzi -40 ni waya uliokatika au plagi iliyochomoka. Kwa P0135, msimbo wa saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, usianze na sensa, anza na fyuzi ya hita yake, kisha pima hita yenyewe, ambayo ikiwa nzima huwa na omu chache tu.

Magari mengi ya karibuni yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta mahali pa ile ya zamani mbele ya katalisti. Hii haipandi na kushuka. Kwenye baadhi ya Toyota, mashine ya kawaida huionyesha ikitulia karibu na volti 0.66, kwa sababu volti 3.3 za kweli zimegawanywa kwa 5. Muuzaji wa vipuri akiona mstari huo uliotulia, atakuambia imekufa.

Hata hivyo, taa nyekundu ya oili haisubiri mashine: zima injini, pima kijiti. Taa ya injini inayomweka-mweka, badala ya kuwaka tu, ni silinda isiyowaka vizuri, na petroli isiyoungua inaichoma katalisti kila unapoendelea kuendesha.

Wauzaji wa adapta nao wana lao. Wengi wanatangaza "toleo 1.5" la ELM327, wakati ELM Electronics ya Kanada, iliyoitengeneza chipu hiyo, haikuwahi kutoa toleo hilo. Toleo 2.1 lilikuwepo kweli, lakini chipu nyingi zinazobeba namba hiyo zimenyofolewa amri na itifaki. "Inasoma mifumo yote" mara nyingi ina maana ya itifaki zote za OBD-II, yaani injini tu. Dai ruhusa ya kuirudisha, kisha ijaribu ukiwa bado na risiti. Kwa programu yoyote ya kutuma amri, andika AT PPS. Jibu linatakiwa liwe jedwali la vigezo. Ukipata alama ya kuuliza, ni ya kuiga. Halafu fungua grafu ya mizunguko ya injini peke yake, kanyaga mafuta ghafla na uachie. Mstari ukibaki nyuma ya mngurumo kwa zaidi ya sekunde moja, irudishe siku hiyo hiyo.