Maabara ya kupima majani ya dawa, Kisumu: sahani safi, ripoti pungufu

Ukipeleka mwarobaini au olusia (mmea wa majani machungu) upimwe kama unaua vimelea kwenye maabara hii ndogo ya kibinafsi hapa mjini Kisumu, kazi ya mikono haina dosari. Shida iko kwenye ripoti.

Majani hupokewa yakiwa yamekaushwa kivulini na kusagwa. Yenye unyevu wanayarudisha, na ni haki yao, maana huota ukungu kabla hata ya kupimwa. Gramu 100 za unga huloweshwa katika lita moja ya methanoli, aina ya alkoholi, kwa siku tatu, huchujwa kwa karatasi ya Whatman namba 1, kisha methanoli huondolewa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, libaki dondoo. Hawaharakishi hatua hiyo. Methanoli ikibaki huua bakteria yenyewe, na jani likapewa sifa lisizostahili.

Agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria, humiminwa kwenye sahani kina cha milimita 4. Itazame sahani kwa ubavu: usawa ni uleule pande zote. Ikiwa nyembamba, mduara usioota bakteria kuzunguka diski ya karatasi yenye dondoo hutanuka, ikiwa nene husinyaa. Bakteria wa kipimo, Staphylococcus aureus ATCC 25923 na E. coli ATCC 25922, huchanganywa kwenye kimiminika hadi kiwango cha uchafukaji wa McFarland 0.5, takriban seli milioni 150 kwa mililita, halafu hupakwa kwa kijiti cha pamba na kuachwa usiku kucha kwenye nyuzi 35. Kila sahani ina pia diski ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria, na nyingine ya DMSO tupu, yaani kiyeyushio cha dondoo peke yake. Bila hiyo ya pili, matokeo ya maabara yoyote ile usiyakubali.

Sasa ripoti. Inaorodhesha upana wa miduara tu, kisha inapanga mimea kwa ubora. Hapo wanapotosha. Diski yenyewe ni milimita 6, kwa hiyo "milimita 6" ni sufuri, na 7 si ya kujivunia. Tena dondoo lenye mafuta halisambai vizuri kwenye agari. Linaweza kuwa kali na bado likaonyesha mduara mdogo. Kulilinganisha na jentamisini ya mikrogramu 10, wakati diski ya dondoo imebeba miligramu nzima, si haki kwa yeyote. Muuza mitishamba wa Kibuye ataiamini karatasi hiyo, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Omba MIC, kiwango cha chini kinachozuia vimelea kukua. Wanaifanya, ila hawaitangazi na hulipiwa kando. Dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu katika sahani ya vishimo 96, kisha huwekwa bakteria na kutiwa resazurini, rangi ya kuonyesha uhai: penye bakteria hai bluu hugeuka waridi. Sisitiza viwepo vishimo vya dondoo bila bakteria, kwa sababu kijani cha majani huficha rangi.

Kwa upande wa fangasi hupimwa Candida albicans pekee, ambayo ni aina ya hamira. Anayetengeneza marhamu ya choa asitegemee jibu hilo. Fangasi wa choa hukua polepole, wiki moja au zaidi, na huhitaji kipimo chao.

Nyota tatu kati ya tano. Nne, ukilipia MIC na kila kipimo kikarudiwa mara tatu.