Mshumaa, Penseli, Mafuta ya Mgando au Silikoni: Kipi Kinafaa Zipu ya Hema Lako?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua vitu vinne ambavyo watu hupaka kwenye zipu iliyogoma: mshumaa mweupe, penseli, mafuta ya mgando na silikoni ya kupuliza. Mezani kuna hema lililotoka kupigwa ufukweni Msimbati, begi la mgongoni, na koti la mvua la bodaboda wa barabara ya Newala.

Kabla sijafungua chupa yoyote, ngoja nisogeze kamera. Hii ni zipu ya mlango wa hema. Hapa kwenye kona inapopinda, mnaona huo weupe katikati ya meno? Ukiupitisha kidole unakwaruza: ni mchanga na chumvi ya bahari. Sasa angalieni kichwa cha zipu chenyewe. Huu weupe wa hapa ni kitu kingine, ni kutu. Vichwa vingi vinamiminwa kwa aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, na chumvi inaila zinki hata hema likiwa limekunjwa ndani, kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewa. Na unyevu pwani yetu hii hatuukosi.

Kwa hiyo tunaanza na maji. Ukipaka kilainishi juu ya mchanga umetengeneza msasa, na kila ukivuta, kichwa kinalika kwa ndani. Weka lita 1 ya maji ya uvuguvugu na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji. Tumia maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, uliyoyapasha moto kidogo. Ya kisima cha karibu na bahari yakiwa na munyu, unarudisha chumvi ileile. Loweka zipu dakika 15, kisha sugua kwa mswaki laini, upande wa nje na wa ndani, kwanza ikiwa imefungwa, halafu ikiwa wazi. Suuza vizuri, anika kivulini. Jua kali linachosha nailoni.

Kichwa kikiwa kimegandishwa na kutu, usikivute kwa nguvu. Changanya siki na maji, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kizungushie dakika 5 hadi 10, kisha kisogeze mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukimaliza, suuza mpaka harufu iishe, maana siki ikibaki nayo inakula chuma.

Haya, tuje kwenye bidhaa zetu.

Mafuta ya mgando: hapana. Yanateleza vizuri siku ya kwanza, halafu yanadaka kila chembe ya mchanga, na yanaacha doa kwenye kitambaa.

Penseli inafaa zipu ya chuma ya suruali au begi la mjini. Kwa kifaa cha baharini siipendekezi kabisa: grafiti, ile risasi nyeusi ya penseli, ikikutana na zinki kwenye maji chumvi inaharakisha kutu.

Mshumaa ni mzuri, na unapatikana duka lolote. Upeleke kwenye zipu za chuma na zile za meno makubwa ya plastiki, kama ya koti hili. Sugua meno pande zote, vuta kichwa mara kadhaa, kisha futa mabaki yote. Zipu ya hema ni tofauti: meno yake ni uzi wa nailoni uliozungushwa kama springi, nta inajazana ndani ya kichwa na kukwamisha.

Hapo ndipo silikoni inaposhinda. Inaacha utando mwembamba usionata. Lakini ipulize kwenye kitambaa, ndipo upitishe kitambaa kwenye meno. Ukipuliza moja kwa moja, inaingia kwenye turubai, na siku utakapotaka kubandika kiraka, gundi haitashika. Soma kopo pia: ikiandikwa ina viyeyushi vya petroli, irudishe dukani, hasa kama zipu yako ina utando wa kuzuia maji.

Kuna tatizo ambalo kilainishi hakiliponyi: zipu inafunga, lakini meno yanaachia nyuma ya kichwa. Wengi wanasema zipu imekufa, wanang'oa yote. Mara nyingi meno ni mazima. Kichwa ndicho kimelika na kupanuka, hakibani tena. Chukua koleo ndogo, bana upande wa nyuma, pale meno yanapotokea yakiwa yameungana. Kushoto kidogo, kulia kidogo, jaribu, kisha rudia. Ukibana kwa pupa aloi inapasuka, haina uvumilivu wa chuma.

Ikishindikana, badilisha kichwa tu. Kigeuze, usome namba mgongoni: 5, 8 au 10, ambayo takribani ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Kipya kiwe na namba ileile na cha aina ileile ya meno. Kichwa cha zipu ya meno ya plastiki hakikai sawa kwenye zipu ya nailoni. Fumua mshono wa mwisho wa zipu, ingiza pande mbili zikiwa sambamba, vuta, kisha shona kizuizi kwa uzi mnene wa nailoni, mizunguko 6 au 7. Fundi cherehani yeyote anaiweza kazi hii, mpelekee na kile kichwa cha zamani apate kulinganisha.